Madoadoa kwenye Kanda

Wiki iliyopita tulimzika Injinia, na nilikuwa na hasira kuanzia wimbo wa kwanza hadi koleo la mwisho la udongo. Sikukasirika kwa sababu walimsifu. Mtu akifa husifiwa, hiyo ni desturi na sina ugomvi nayo. Nilikasirika kwa sababu walimsifu kwa jambo lile lile. Mwenyekiti wa zamani wa ushirika wa shamba alisimama chini ya hema, akashika maikrofoni, akakohoa, akasema, "Ule mwaka mbaya, makaratasi yetu yote yakiwa yamechomwa, ni huyu Injinia alitutolea majina kwa tape imeharibika. Na hakuuliza mtu ni wa wapi. Alikuwa anatuambia, computer haina kabila." Watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyekaa kando yangu akanigusa goti na kuninong'oneza, "Si ni wewe mlifanya na yeye hiyo kazi?" Nikasema ni mimi. "Aki ya Mungu mlisaidia watu," akasema. Niliinuka wakati wali na nyama vinaanza kupakuliwa, nikapita katikati ya viti vya plastiki hadi kwenye gari langu. Najua walisema nina maringo.

Kompyuta haina kabila. Sentensi hiyo nimetembea nayo tangu nikiwa na miaka ishirini na tatu, na kila nikiisikia natamani kuvunja kitu. Basi acha niseme jinsi mambo yalivyokuwa, kwa sababu waliopiga makofi hawakuwemo katika chumba kile, na mimi nilikuwemo.

Karakana yetu ilikuwa Eldoret, mtaa wa West Indies, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa na meza tatu, dirisha moja lililotazama ukuta, na kalenda ya kampuni ya mbegu ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Nyuma kulikuwa na stoo iliyojaa kompyuta zilizokufa. Tulisoma vitu ambavyo wengine walishindwa kuvisoma: diski zilizoanguka, kanda zilizoota ukungu, kumbukumbu za ofisi ambazo karani alizikalisha juu ya spika ya redio bila kujua kwamba sumaku hula sumaku. Injinia alikuwa amefundisha miaka mingi kabla ya kufungua karakana. Alikuwa mtu wa shati safi na kalamu mbili mfukoni, mtu wa kukosoa koma katika programu yako kabla hajakusalimia. Aliniajiri baada ya kuniuliza maswali ya hisabati kwa saa nzima tukiwa tumesimama. Nilimwogopa na nilimpenda, na hayo mawili mpaka leo sijaweza kuyatenganisha.

Mtu mwingine wa chumba kile alikuwa Mama Wambui. Hakuwa mwajiriwa. Alikuja kila asubuhi kwa miguu kutoka mtaa wa Munyaka akiwa na chupa mbili za chai, mandazi yaliyofungwa kwa kitambaa na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akauzia wenye maduka ya jirani, kisha akaishia kwetu na kukaa kwenye stuli karibu na mlango hadi saa saba, akitungojea tumalize githeri yake ili arudi na bakuli. Alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Mtu akiingia, awe mteja, awe mwizi, anamiminiwa chai. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mteja kama angependa kunywa, na Mama Wambui akaniita kando. "Msichana wangu, mgeni haulizwi. Ukimuuliza ni kama unamwambia hutaki anywe. Unamimina tu." Kisha angetazama skrini yangu, yenye mistari iliyopanda na kushuka na vidoti vilivyotapakaa kila mahali, na kuuliza, "Leo mnasoma nini hapo, mvua?" Mumewe, Mzee Kimani, alikuwa amefariki zamani, akimwachia ekari tano katika shamba la ushirika nje ya mji. Alilima mahindi na maharagwe, na aliyazungumzia mahindi yale kama watu wanavyowazungumzia watoto walioko bweni.

Vile vidoti kwenye skrini Injinia aliviita madoadoa. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa kuwa ndilo kiini cha hasira yangu. Kanda ya sumaku ikizeeka, ikichemka au ikilowa, maandishi yake hayapotei yote mara moja. Yanafifia, na kelele zinapanda juu yake. Kichwa cha kusomea kinakuletea wimbi moja lililovurugika, jina la mtu na takataka vikiwa pamoja. Hapo ndipo hisabati inaingia. Ukisimama nje ya kanisa unasikia kwaya kama sauti moja, lakini mwalimu wa kwaya anaweza kukwambia kwamba yule wa besi amechelewa na yule wa sauti ya pili ana mafua. Ugeuzi wa mawimbi hukupa sikio la mwalimu wa kwaya. Unalivunja wimbi kubwa kuwa mawimbi madogo, marefu na mafupi, kila moja na nguvu yake. Halafu unaweka kizingiti. Wimbi lililo juu ya kizingiti linabaki, lililo chini yake unalifanya sifuri, kisha unaunganisha yaliyobaki na kusoma. Kizingiti kikiwa chini sana, kelele zinapita. Kikiwa juu sana, skrini inatoka safi na ya kupendeza, ila umewanyamazisha pia waimbaji wenye sauti ndogo. "Toa madoadoa, Jebet," Injinia alikuwa akisema, na mimi nikipandisha kizingiti. Miaka miwili tulilitumia neno hilo bila kuwaza chochote.

Kisha uchaguzi ukaharibika, na mwezi wa kwanza neno lile likatoka kwenye karakana yetu, au labda lilikuwa nje siku zote na mimi sikuwa nikisikiliza. Sasa madoadoa walikuwa watu. Walikuwa majirani ambao babu zao hawakuzaliwa kwenye nyanda hizi. Nilimsikia mwanamume akilisema akinunua mkate, bila kushusha sauti, kama mtu anayezungumzia magugu. Moshi ulionekana upande wa Munyaka, na Mama Wambui akatufikia na kiatu kimoja na chupa zake mbili. Hata leo sijui kwa nini aliokoa chupa. Injinia hakuuliza kitu. Alimfungulia stoo, akamkalisha katikati ya kompyuta zilizokufa, akafunga, akaweka kiti chake mbele ya mlango na kufungua gazeti la wiki iliyotangulia. Alikaa pale siku tatu. Siku ya pili walikuja vijana na marungu, wakiwa na heshima ya ajabu. "Mzee, shikamoo. Hapo ndani hakuna madoadoa?" Injinia akageuza ukurasa. "Hapa ni mashini tu, vijana. Mnataka kununua mashini?" Wakacheka, wakaenda. Mimi nilikuwa mezani, nimeshika bisibisi kwa nguvu hadi kiganja kikachubuka. Siku ya nne alimlaza chini ya turubai katika pikapu yake, akamfunika na skrini mbovu, akampeleka kwenye kambi ya waliofukuzwa makwao katika uwanja wa maonyesho, akipita vizuizi vyote akisalimia watu kwa majina yao.

Kwa hiyo mwenyekiti hakudanganya. Injinia aliokoa mtu, nami nilikuwa shahidi. Ndiyo maana siwezi kumchukia kwa raha kama ningemchukia mtu mbaya.

Mwezi wa tatu, wakubwa wakiwa wamekwisha kupeana mikono Nairobi, wanakamati wawili wa ushirika walituletea kanda ndani ya mkebe wa biskuti. Ofisi yao ilikuwa imeungua pamoja na rejista yote ya karatasi. Kanda hii ilikuwa nakala ambayo karani aliiweka nyumbani kwake, mtaa wa Pioneer. Nyumba ya jirani iliungua, ya kwake ikamwagiwa maji, na mkebe ukapata moto na maji yote mawili. Ndani ya kanda kulikuwa na jina la kila mwenye hisa na namba ya shamba lake. Wapimaji walikuwa wanangoja orodha ili hati zitolewe. Ambaye jina lake lingetoka angepata hati. Ambaye lingepotea, basi tena.

Tulisoma mara moja. Injinia aliweka kizingiti juu. Nikamwambia kimepanda mno, akasema wateja wanataka orodha, hawataki mvua. Majina mengi yalitoka safi. Mengine yalitoka yameliwa, herufi tatu halafu nafasi tupu. Ndipo mmoja wa wanakamati akatoa daftari la shule. "Hii ndio list ya watu wako huko shamba saa hii," akasema huku akitafuna. Walikuwa wameagiza kuku na chapati, wakala kwenye meza yangu, na mafuta yakadondokea karatasi zangu. "Pahali jina imekatika, computer iangalie hapa, iweke yenye inafanana." Injinia akasema ni wazo zuri, ni njia inayojulikana, hata simu hukukisia neno kabla hujalimaliza. Wakati huo mimi ndimi niliyeiandika hiyo programu, kwa mikono yangu, kwa mchana mmoja. Sikujiuliza ni nani anayeweza kuwa shambani mwezi wa tatu wa mwaka ule. Daftari la waliobaki! Kila pengo katika kanda lingejazwa na mtu aliyebaki, na aliyekimbia asingeweza kukisiwa hata kwa bahati. Nilipokuwa nikichapa niliwasikia wanakamati wale wawili wakisemezana mlangoni. "Itatoka sawa?" "Itatoka safi kabisa. Na hakuna mtu atasema ni sisi. Ni computer."

Siku iliyofuata Mama Wambui aliingia. Alikuwa ametembea kutoka kambini, viatu vya kuazima vikiwa vimejaa matope. Alikaa kwenye stuli yake. Nilimmiminia chai kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, ambayo tulikuwa tumeitunza, na ilikuwa mara ya kwanza mimi kummiminia yeye. Alisikia kambini kwamba majina yanasomwa West Indies. "Niangalilie tu kama mzee wangu yuko," akasema. Nikatafuta namba ya shamba lake. Skrini ikaandika KIMAIYO.

Alijua kusoma. Aliinama, akaliangalia lile jina kwa muda. "Huyo ni Kimaiyo," akasema polepole. "Ni jirani yetu. Shamba yake ni ile inafuata. Ako na yake." Nikatazama mstari wa chini. Kweli, Kimaiyo alikuwepo tena, safi, herufi zote. Nikafungua wimbi lenyewe kabla ya kujazwa. Lilikuwa KIMA, kisha patupu. Programu yangu ilikuwa imefika pale, ikafungua daftari la waliobaki, ikatafuta KIMA, ikamkuta mtu mmoja tu.

"Mama, kanda iko na shida," nikamwambia. "Bado tunasoma."

"Sawa, msichana wangu. Mimi hiyo mvua yenu siielewi. Wewe ndiye unaisikia. Nisikizie."

Nisikizie. Alisema hivyo, akamaliza chai, akarudi kambini.

Kwa siku tatu, Injinia akitoka kwenda chakula cha mchana mjini, nilifunga mlango na kurudisha kanda kwenye mashine. Kelele ina tabia moja inayomsaidia msomaji: hubadilika kila usomapo. Jina halibadiliki. Ukisoma mahali pale pale mara kadhaa, ukayalaza mawimbi moja juu ya jingine, kelele zinalana zenyewe na kilichoandikwa kinainuka, hata kama kilikuwa dhaifu kiasi gani. Tatizo ni kwamba kanda ile ilikuwa inamenyuka. Kila msomo uliacha unga wa kahawia kwenye kichwa cha kusomea, nami niliupangusa kwa pamba na spiriti nikijua kwamba ule unga ni maandishi. Msomo wa tatu ulipopita, mahali pale pakawa plastiki tupu inayong'aa. Yaliyokuwa kwenye kanda sasa yalikuwa kwangu peke yangu. Nikayapanga, nikashusha kizingiti hadi karibu na chini kabisa, nikaunganisha. Herufi mbili zikatoka, hafifu lakini bila shaka. N, halafu I. KIMANI. Nililia, nikacheka, nikala githeri baridi nikiwa nimesimama.

Injinia aliporudi nilimwonyesha kabla hajakaa. Alivaa miwani. Alitazama kwa makini, mstari kwa mstari, na ninaapa niliona alipoelewa, kwa sababu kidole chake kilisimama pale pale kwenye ile N. Kisha akavua miwani.

"Hizo ni madoadoa," akasema.

Alilitumia neno hilo. Mtu yule yule aliyekaa mbele ya mlango wa stoo na gazeti kuukuu. Nikamwambia, "Injinia, huyu ni bwanake Mama Wambui." Akasema, "Najua." Nikasema, "Nimesoma mara tatu, nikaunganisha zote, na jina ni hilo." Akaenda kufunga mlango, akanijia karibu, na sauti yake haikuwa ya mwalimu tena. "Sikiza, Jebet. Hii list ikitoka na hilo jina, hao watu watauliza nani ameirudisha. Watakuja hapa. Last time nilikuwa na gazeti. Hiyo siku nitakuwa na nini? Yeye ako hai. Tulimpatia maisha. Sasa wewe unataka pia shamba?" Kisha akanisukumia karatasi ya mwisho ya orodha, mahali palipoandikwa kwamba majina yamehakikiwa, na mstari wa sahihi yangu. "Computer haina kabila," akasema. "Wewe uko na kabila, na ni lao. Utaishi hapa."

Nilitia sahihi. Ningependa kuandika kwamba niliipasua, na kuna watu niliowahi kuwaambia hivyo. Nilitia sahihi kwa kalamu yake. Nilinakili mawimbi yangu kwenye diski, nikaiweka ndani ya begi, nikajiambia kwamba mambo yakitulia nitaitoa. Ule ndio ujinga wa waoga: tunadhani mambo hutulia yakitusubiri.

Mama Wambui alirudi baada ya wiki moja. Injinia alikuwepo, na akatoka nje ghafla kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Nikamwambia haikusomeka. Nikamwambia kanda ilimenyuka, ikabaki plastiki tupu, na nikamwonyesha hiyo plastiki, kwa sababu uongo ukiwa na ushahidi huwa mtamu zaidi. Aliipapasa kwa kidole. Akanishika mikono yote miwili. "Umejaribu, msichana wangu. Mungu akubariki," akasema. Akaniachia chupa moja ya chai kama shukrani. Wapimaji walipita mwezi wa tano. Mimi niliondoka Eldoret kabla mwaka haujaisha, na tangu hapo nimefundisha vijana somo la mawimbi katika chuo ambacho hakuna anayenijua. Kila mwaka nikifika kwenye kizingiti nawaambia kwamba kilicho dhaifu si lazima kiwe kelele. Wanaandika. Wananiona mwalimu mwenye busara, na mimi nawageuzia mgongo nifute ubao.

Kesho yake baada ya mazishi nilikwenda Munyaka. Haikunichukua muda kumpata Mama Wambui. Yuko kwenye chumba cha kupanga nyuma ya kinyozi, mzee sasa, miguu imevimba, macho makali kama zamani. Alinitambua mlangoni na kuniita msichana wangu, mimi mwenye mvi. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, stuli mbili, na juu ya meza chupa ya chai na vikombe vilivyofunikwa kwa kitambaa. Sikuzunguka. Nilikuwa nimechapa mawimbi yote matatu na jina chini yake, nikaweka karatasi mbele yake, nikamweleza kila kitu: daftari, kizingiti, misomo mitatu, sahihi. Nikasema nitaapa mbele ya wakili, nitasimama mahakamani, nitataja jina langu na la Injinia. Niliongea kwa hasira nyingi. Nilimlaani Injinia aliyekuwa na siku moja tu kaburini, nikailaani kamati na kuku wao.

Aliniacha nimalize. Alifuatisha herufi kwa kidole, moja moja, hadi mwisho.

"Kimaiyo alikufa," akasema. "Watoto wake wamejenga hapo. Wakija mjini wananisalimia. Hao watoto walikosea wapi?"

Nikainamia karatasi.

"Na hii," akasema, akigusa karatasi, "ilisomeka lini?"

"Siku tatu baada ya wewe kuja, Mama."

"Kabla nirudi."

"Kabla urudi."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayehesabu kitu na kukuta hesabu imekubali. "Injinia nilijua anaogopa," akasema. "Hata huko stoo nilikuwa namsikia akigeuza hiyo gazeti, ukurasa mmoja tu, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Sikumwambia anisaidie na shamba. Ni wewe niliambia unisikizie."

Akaikunja karatasi na kuiweka chini ya mto. Nje kinyozi alikuwa akibishana na mteja kuhusu mpira. Chupa ilikuwa mezani, mvuke ukitoka kidogo kwenye kifuniko, na vikombe vilikuwa pale karibu na mkono wake. Nilikaa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, nikingoja. Hakumimina.